Pancha ya Baiskeli ya Resi: Soma Tundu Kabla Hujaliziba

Mwaka jana, masika yakielekea kuisha, nilipata pancha nne huku Mbeya ndani ya siku tisa, zote gurudumu la nyuma. Ya kwanza ilinikuta Mlima Nyoka, ya pili Igawilo, ya tatu sijatoka hata Soweto. Ya nne ilikuja baiskeli ikiwa imeegemea zake ukutani: jioni tairi gumu kama jiwe, asubuhi limekaa chini. Tyubu nilikuwa nimeshabadilisha mara mbili, na kila niliyekutana naye nilimwambia siku hizi zinaletwa tyubu feki.

Nikaenda kwa mzee mmoja anayetengeneza baiskeli Mwanjelwa. Nikamwamkia, nikamsimulia yote, nikamkabidhi tyubu. Hakuigusa.

"Tyubu umebadilisha mara ngapi, mwanangu?"

"Mara mbili, mzee."

"Na tairi umelipapasa mara ngapi?"

Nikanyamaza. Akaligeuza tairi nje ndani, akachukua kipande cha pamba, akakipitisha taratibu upande wa ndani, mzunguko mzima. Mahali pamoja pamba ikanasa, nyuzi chache zikabaki zinaning'inia pasipo na kitu cha kuonekana. Akalikunja tairi pale pale, akaingiza koleo ndogo, akatoa waya mwembamba kuliko sindano, mfupi kama punje ya mchele. Huo ndio uliotoboa tyubu zote, kidogo kidogo, kila nikikaa kwenye siti na kukanyaga.

Waya wa namna hiyo umejaa barabara kuu ya Tanzam. Matairi ya malori yana nyaya za chuma ndani, na lori la Tunduma likipasukiwa na tairi, vipande vinabaki pembeni vikisagwa na magari mengine mpaka nyaya zinaachana na mpira. Mwendesha baiskeli anapita pembeni hapo hapo. Waya hauingii kwa kishindo kama msumari. Unajichoma kwenye mpira, unasogea ndani kila mzunguko, na unaweza kukaa kilomita nyingi kabla haujafika kwenye tyubu. Ukitoa tyubu ukaiziba bila kuutoa, umejipangia pancha ya kesho.

Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia kwenye tundu. Mahali lilipo, umbo lake na idadi yake vinakuambia chanzo, na chanzo ndicho kinachotibiwa.

Weka alama kwanza

Wakati wa kufunga tairi, panga maandishi makubwa ya ubavuni yakae mkabala na valvu. Watu wanadhani ni urembo wa mafundi wa mashindano. Faida yake unaiona siku ya pancha: ukipata tundu kwenye tyubu, unapima umbali wake kutoka kwenye valvu, unahesabu umbali huo huo kutoka kwenye maandishi, na unajua ni wapi kwenye tairi pa kutafuta. Kama hujui tyubu ilikaa upande gani, pima kulia na kushoto. Sehemu mbili za kupapasa ni nafuu kuliko mzunguko mzima.

Tyubu ikishatoka, ijaze upepo mpaka ivimbe mara mbili ya unene wake. Nyumbani itumbukize kwenye beseni la maji uangalie mapovu. Barabarani ipitishe karibu na midomo au shavu, maana ngozi ya hapo inahisi upepo mdogo ambao sikio halisikii, hasa malori yanapopita. Ukilipata tundu, lizungushie alama ya kalamu kabla hujatoa upepo. Tundu la waya likishanywea hulioni tena.

Tundu moja dogo, upande unaotazama barabara

Hiki ni kitu kilichotoka nje: waya, mwiba, kipande cha chupa. Huku Mbeya mjini na kuelekea Tukuyu, tatizo ni waya na chupa. Ukishuka Usangu, kuanzia Chimala kwenda Igawa, hesabu inabadilika, kuna miiba ya migunga na kuna mbigili, ile mbegu yenye pembe inayolala imeelekeza ncha juu hata uirushe vipi. Ukiegesha baiskeli kwenye nyasi kando ya barabara kule, papasa matairi yote mawili kabla hujapanda.

Papasa kwa pamba au kitambaa, usitumie kidole kitupu. Kipande cha chupa kitakukata. Angalia na nje pia. Mikato midogo kwenye mpira hubeba mchanga na vioo ambavyo bado havijafika ndani, na bisibisi ndogo butu au ncha ya kijiti inavitoa. Mimi hufanya hivyo Jumapili jioni, tairi likiwa limepunguzwa upepo ili mikato ifunguke.

Ukiona tundu la namna hii linajirudia sehemu ile ile, kitu bado kimo. Likijirudia sehemu tofauti kila wiki, angalia katikati ya tairi: kama pamekuwa bapa badala ya mviringo, au nyuzi zimeanza kuonekana, mpira umekwisha na hakuna tyubu itakayokuokoa. Tairi la nyuma huisha mapema zaidi kwa kuwa ndilo linalobeba uzito mkubwa. Likiisha, lete la mbele nyuma na funga jipya mbele, kwa sababu tairi la mbele likikusaliti kwenye mteremko huna muda wa kujitetea.

Matundu mawili yaliyokaa pamoja

Mafupi, sambamba, kama meno ya nyoka. Hapa hakuna mwiba. Tyubu ilibanwa kati ya tairi na kingo mbili za ringi, kwa sababu uligonga kitu ukiwa na upepo kidogo. Unayakumbuka yale matuta madogo ya mfululizo wanayoyaita rasta, kabla ya kuingia kwenye vijiji vya njia kuu? Hayo, na mashimo ya lami iliyobanduka baada ya mvua, ndiyo wazalishaji wakubwa wa pancha hii.

Dawa ni upepo, halafu upana wa tairi, halafu kuinua makalio kwenye siti ukiliona rasta. Kwa mtu wa kilo 70 hivi, mimi naanzia PSI 95 (PSI ni kipimo cha mgandamizo wa upepo) tairi lenye upana wa milimita 23, PSI 80 hadi 85 tairi la 25, na PSI 65 hadi 70 tairi la 28, mbele nikipunguza 5. Mzito zaidi aongeze, mwepesi apunguze, na wote wasivuke kiwango kilichoandikwa kwenye tairi au ringi. Ringi za kisasa zisizo na ndoano ukingoni haziruhusiwi kuzidi bar 5, yaani PSI 72 na kidogo. Ukiinunua ya mtumba na hujui ni ya aina gani, muulize anayejua kabla hujaijaza.

Kubonyeza kwa kidole gumba ni kujidanganya. Tairi jembamba lenye PSI 60 na lenye 90 yote yanaonekana magumu kwenye kidole. Nunua pampu ya kusimama yenye mshale wa kipimo, na kama una uwezo wa kununua kifaa kimoja tu mwaka huu, kiwe hicho.

Baridi nayo imo. Juni na Julai, baiskeli iliyojazwa upepo mchana wa jua kisha ikalala kwenye varanda ya Mbeya inaamka na upepo pungufu bila tundu lolote. Joto likishuka nyuzi 10, tairi la PSI 80 linapoteza kama PSI 3. Mtu anaondoka alfajiri, hajapima, rasta la kwanza linambana.

Na kwa kuwa tumefika kwenye hali ya hewa, kuna imani kwamba baiskeli inayopandishwa basi kutoka Dar lazima itolewe upepo, la sivyo huku juu tairi litapasuka. Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na tofauti ya mgandamizo wa hewa kati ya huko na huku haifiki PSI 3. Tairi zima halishtuki kwa hilo. Kinachopasua matairi ndani ya buti la basi ni kubanwa na magunia.

Tundu upande wa ndani, unaotazama ringi

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo mafundi wetu wazuri wanapokosea bila kujua kuwa wanakosea.

Ringi ya resi yenye kuta mbili ina mashimo sakafuni ambamo vichwa vya spoku hupitishwa. Mashimo hayo hufunikwa na utepe. Kwenye Phoenix ya mzee nyumbani, fundi akikosa utepe hukata ukanda wa tyubu kuukuu, akauvalisha, na baiskeli inaenda miaka kumi. Inaenda kwa sababu Phoenix hutembelea upepo mdogo na ringi yake haina mashimo makubwa ya namna ile. Ukiufanya ujanja huo huo kwenye resi, ukajaza PSI 85, mpira ule laini unasukumwa ndani ya shimo la spoku kama unga wa chapati unavyobonyea kwa kidole. Tyubu inaufuata. Inavutika mpaka inakuwa nyembamba pale pale, na siku moja, mara nyingi baiskeli ikiwa imesimama tu, inapasuka.

Dalili zake ni wazi ukishazijua. Ukitoa tyubu utaona vivimbe vidogo vilivyopangana kwa umbali sawa upande wa ndani, kila kimoja kikilingana na spoku. Tundu liko kwenye kilele cha kimojawapo. Kuziba hilo moja ni kungojea la pili.

Utepe unaofaa ni wa kitambaa kigumu chenye gundi au wa plastiki ngumu isiyovutika, mpana kiasi cha kufunika mashimo pande zote bila kupanda kwenye kingo ambako mdomo wa tairi unakaa. Ukikosa kabisa, tabaka mbili za plasta ya hospitali, ile nyeupe ya kitambaa, zinashika vizuri kuliko mpira wowote. Selotepu haifai, gundi yake inateleza ikipata joto.

Kama mashimo yamefunikwa sawasawa na bado tundu linatokea upande huo, pitisha pamba ndani ya ringi. Spoku iliyokazwa kupita kiasi inaweza kuchomoza ncha, na maungio ya ringi yanaweza kuwa na ukali. Piga faili kidogo, futa vumbi la chuma, rudisha utepe.

Imekatika kwenye shina la valvu

Tyubu inayochanika pale valvu inapoota haizibiki. Kiraka hakikai juu ya lile pindo. Itupe, au kata vipande vyake vya mpira vikufae kwa kazi nyingine, lakini uliza kwanza kwa nini imechanika.

Yangu ya kwanza ilichanika hivyo mara mbili, na kosa lilikuwa kwenye ringi. Baiskeli ilikuwa ya mtumba, imekuja na valvu nyembamba za Presta, na fundi fulani kabla yangu alikosa tyubu za valvu hiyo. Akatoboa tundu la ringi likapanuka ili valvu nene ya pikipiki ipite. Tundu la Presta lina milimita 6 na nusu, la valvu nene milimita 8 na nusu. Alipomaliza hakulainisha kingo, na mwenye baiskeli aliyefuata, yaani mimi, nikarudisha tyubu za Presta. Valvu ikawa inachezacheza ndani ya tundu pana lenye meno kama msumeno, na tyubu inajaribu kutokea kwenye uwazi uliobaki.

Ukikuta hali hiyo, una njia mbili. Ama laini kingo kwa faili ya mviringo ubaki na valvu nene maisha, ama weka bushi ndogo ya mpira au ya plastiki inayojaza uwazi huo ndipo uingize Presta. Kutoboa ringi nyembamba ambayo bado ni nzima sikushauri. Hapo kwenye tundu ndipo penye udhaifu tayari.

Sababu nyingine ni mkono wa anayejaza. Kichwa cha pampu kikivutwa kwa kuyumbishwa kushoto na kulia, shina linachanika polepole. Nyingine ni kutembea na upepo mdogo: tairi linateleza juu ya ringi kidogo kidogo wakati wa breki, linaiburuta tyubu, na valvu inabaki imelala upande. Ukiona valvu imeinama badala ya kuelekea katikati ya gurudumu, toa upepo uinyooshe leo.

Mlio kama bunduki, na mpasuko mrefu

Tyubu ikiwa ndani ya tairi haiwezi kulia "paa!" Haina nafasi ya kupasukia. Ukisikia mlio huo, jua tyubu ilikuwa imeshatoka nje ya tairi kabla ya kupasuka, na ukiitoa utaona mpasuko mrefu, labda urefu wa kiganja. Mtu anasema tyubu ilikuwa mbovu. Mara chache sana.

Mara nyingi tyubu ilinaswa chini ya mdomo wa tairi wakati wa kufunga. Kabla hujajaza upepo wote, sukuma tairi kwa vidole gumba pande zote mbili, mzunguko mzima, uone utepe wa ringi. Ukiona weusi wa tyubu umejichomoza, ingiza ndani. Kwenye valvu, isukume valvu juu kwanza, kisha ivute, ili unene wa shina usibanwe. Tyubu iwe na upepo kidogo wa kuishikisha umbo unapoiingiza. Anza kufunga mdomo wa tairi mkabala na valvu na umalizie kwenye valvu, kwa mikono. Bisibisi na mpini wa kijiko vinafungua tairi vizuri sana na kutoboa tyubu vizuri zaidi. Ukishindwa kwa mkono, tumia liva za plastiki, zile za kubandulia tairi.

Ama tairi limechanika ubavuni. Kagua kama mpira wa breki unagusa tairi badala ya ringi. Unaacha mstari mweusi unaong'aa ubavuni, na siku chache mbele ubavu unakatika.

Ama tairi siyo saizi ya ringi. Hili linastahili maelezo, kwa sababu limewapata watu wazima wenye akili zao.

Namba ya tairi, na neno "28" linavyodanganya

Ukienda dukani ukasema unataka tairi la 28, unaweza kupewa tairi la Phoenix, lililoandikwa 28 x 1 1/2. Kipenyo cha ringi yake ni milimita 635. Baiskeli yako ya resi ni 700C, ambayo ni milimita 622, na bahati mbaya matairi mengi ya Ulaya ya 700C nayo yanaandikwa 28 mahali fulani ubavuni, ukiacha 700x28C ambapo 28 ni upana. Kisha kuna resi za zamani za mtumba zenye 27 x 1 1/4, ambazo licha ya kuitwa 27 ni kubwa kuliko 700C: milimita 630.

Tairi la 630 linaingia kwenye ringi ya 622 kwa urahisi wa kufurahisha. Likifika PSI 60 linaruka. Likiingia bila kukupinga hata kidogo, ogopa.

Kwa hiyo achana na inchi. Tafuta namba mbili zilizotenganishwa kwa kistari, kwa mfano 25-622 au 28-622. Ya kwanza ni upana, ya pili ni kipenyo cha ringi, na ya pili lazima ilingane na iliyoandikwa kwenye ringi au kwenye tairi unalolitoa. Tyubu haina ukali huo wa kipenyo: tyubu ya 700C itakaa kwenye 27 bila ugomvi.

Basi tyubu gani?

Upana kwanza. Boksi huandikwa kiwango, kama 700x18-25 au 700x25-32, na tairi lako liwe ndani yake. Tyubu nyembamba kwenye tairi pana inavutika mpaka inakuwa kama puto. Mwiba unaoweza kuzuiliwa unapita, na kiraka kinavutwa kingo. Tyubu pana kwenye tairi jembamba inajikunja, mkunjo unasuguana, na baada ya wiki kadhaa unapata tundu kwenye mstari wa mkunjo ambalo halifanani na kitu chochote nilichoeleza hapo juu. Tairi la 25 likiwa kwenye mpaka wa boksi mbili, mimi huchukua lenye 25 mwishoni kwa tairi lililozoea kubana, na lenye 25 mwanzoni kama nina mpango wa kuhamia 28.

Pili, valvu. Presta ndiyo ya resi nyingi. Angalia urefu: ringi ya kawaida inatosha na milimita 48, ringi ndefu za kina zinataka 60 au 80. Fupi ikizidi pampu haina pa kushika. Ndefu ikizidi haina madhara ila kugongagonga.

Presta haipatikani kila duka Mbeya, na Iringa vivyo hivyo. Wengi tunaagiza Kariakoo zinapakiwa basi. Agiza tatu, siyo moja. Na usihangaike na pampu: ule mpira wa pampu ya mkono ya Phoenix, unaofungwa kwa kuzungushwa kwenye valvu, aghalabu unakubali Presta pia, maana uzi wa juu ni mmoja. Fungua kwanza kile kichwa kidogo cha Presta, kibonyeze kipumue, ndipo uzungushe. Hautafika PSI 90 kwa pampu ile bila kutokwa jasho, ila utafika nyumbani.

Kompresa ya gereji ni habari nyingine. Imetengenezwa kwa tairi la lori. Tyubu ya resi ina nafasi ndogo mno, na inajaa kwa kufumba na kufumbua. Kama hamna namna, jaza kwa vipigo vifupi, na wewe mwenyewe ushike kipimo. "Kaka, niachie mimi" ni maneno yaliyonigharimu tairi.

Kuhusu mpira wenyewe, tyubu nyeusi za butili, zenye gramu 100 hivi, zinatosha kwa barabara zetu. Za lateksi zinapoteza upepo usiku mmoja, kwa hiyo utaamka kila siku ukidhani una pancha. Zile nyepesi za plastiki laini ya TPU, ambazo hazifiki gramu 50, nazipenda kubeba kama akiba kwa kuwa zinaingia mfukoni kama pakiti ya majani ya chai. Kuzifunga kwa kutembelea ni jambo la kufikiria kama una breki za kubana ringi na unateremka milima mirefu. Kutoka Ilula kushuka Kitonga mpaka Ruaha Mbuyuni, ukishikilia breki muda wote, ringi inapata joto la kuunguza kidole, na watengenezaji kadhaa wa TPU hawaruhusu tyubu zao kwenye hali hiyo. Hata kwenye butili, joto hilo hulegeza gundi ya kiraka kilichokaa upande wa ringi. Kiraka kikitoka chenyewe mara baada ya mteremko, sababu ni hiyo. Bana, achia, bana, achia. Na ukisikia harufu, simama utazame mandhari.

Hakuna tundu, lakini upepo unaisha

Lowesha kidole kwa mate ukifunike kichwa cha valvu. Povu likitokea, valvu ndiyo. Presta nyingi zina kiini kinachofunguka: kikaze kwa koleo, taratibu. Valvu nene ya gari nayo ina kiini chake ndani. Ile ya Phoenix ina kimpira chembamba kinachozeeka na kuchanika. Badilisha kimpira, usibadilishe tyubu.

Kama valvu ni salama na beseni halionyeshi kitu, subiri. PSI chache kwa wiki ni kawaida ya butili. Tairi likiwa linafika nusu kila asubuhi, jaza tena tyubu ivimbe zaidi, izamishe vipande vifupi vifupi huku ukiivuta kidogo. Tundu la waya linajificha mpaka uvute.

Kiraka

Fundi wa pikipiki anaziba kwa moto: anabana tyubu, anawasha, anaivisha. Kwenye tyubu nene ya bodaboda kazi inatoka imara. Kwenye ya resi, nimeona ukuta ukiungua na kutoka tundu pana kuliko la mwanzo. Kataa kwa heshima, ziba baridi: msasa mpaka ule mng'ao upotee na mstari wa kiwandani usawazike, soluusheni nyembamba kupita kipimo cha kiraka, kisha subiri ikauke. Hapo ndipo watu wanashindwa. Ikikugandia kidoleni bado. Dakika tano, na kwa baridi ya Julai hata nane. Bandika, kandamiza kwa mgongo wa kijiko, paka poda au vumbi la chaki ili isigande na tairi.

Na kama ni tairi lililokatwa, weka kitu ndani pale kwenye mkato kabla ya kurudisha tyubu. Kipande cha mrija wa dawa ya meno kilichokatwa na kupindwa kingo kimenifikisha nyumbani kutoka Kiwira. Uvimbe ubavuni, ule wa ukubwa wa karanga unaokugonga kila mzunguko, hauna kitu cha kuwekewa. Nyuzi zimekatika, tairi hilo ni la kutupa.

Kwenye mkoba wangu chini ya siti kuna liva mbili, msasa, soluusheni ambayo naipima kwa kuiminya kila mwezi, viraka sita, pamba, na tyubu ya akiba iliyoviringishwa kwenye soksi kuukuu. Ya kwanza niliyobeba haikuwa na soksi. Ilisuguliwa na liva humo humo mkobani mpaka ikatoboka, na nililijua hilo Isyonje, mvua inanyesha, tairi liko mkononi.